Kufuli la Mtani

Kitete, Tabora

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute barazani, ule mguu wenye goti bovu umeunyoosha, na si shambani ukishindana na nguruwe wanaochimba mihogo. Mama je? Kikohozi chake kimepungua, au bado anakataa dawa mpaka wewe uinywe kwanza?

Kabla sijaendelea: aliyekuletea barua hii umpe kiti na maji ya kunywa, umwache apumzike. Usimwulize neno mpaka umalize kusoma, naye nimeshamkataza kusema. Nakujua, baba. Ukishika barua unataka kuruka hadi mwisho, kama unavyofunua sufuria kuonja mchuzi ambao haujaiva. Hii isome kwa mstari.

Nimeandika kwa sababu simu ya nyumbani ina masikio mengi. Mama akishaiweka spika, hata wapita njia wananiitikia salamu. Tena mara ya mwisho uliponipigia ulikuwa na hasira. Ulisema niache kazi nirudi Kisarawe, ukasema huyo Mnyamwezi aliyetaka kuniua akanyage kwako aone, kisha simu ikakatika. Mtandao huku si mbaya hivyo. Nadhani ulikata wewe.

Basi kwanza mkono. Mkono upo. Nasikia kaka Sefu amewatangazia huko kwamba umekatwa. Upo, una vidole vyote, na ndio huu wa kushoto ninaokandamizia karatasi. Uliungua mgongoni mwa kiganja, ngozi ikababuka, na nyusi za upande mmoja zikaondoka. Hospitali iko jirani na ninapopanga, nimekwenda kubadilishwa bandeji mpaka wauguzi wakaanza kuniita Mama Umeme. Sasa bandeji imetoka. Nyusi zinaota polepole, na kwa sasa nazichora kwa wanja. Mwambie mama wanja alionifungia kwenye begi, nikamcheka, umepata kazi. Sikio lilivuma kwa siku kadhaa, kisha likanyamaza. Nakula, nalala, naswali. Hayo ndiyo ya afya.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana nasikia unawaambia watu kwamba mwanao anapanda nguzo. Sipandi nguzo. Kila kiwanda kina makabati makubwa ya chuma ambamo umeme huingia na kugawanywa kwenda kwenye mashine. Ndani ya makabati hayo kuna swichi nene, nyingine nzito kama gunia la mahindi, tunaziita breka. Kazi ya breka ni kukaa kimya. Inapitisha umeme mwaka hadi mwaka, na siku umeme ukizidi au nyaya zikigusana, inatakiwa ikate hapohapo kabla moto haujaanza. Taabu ya mlinzi anayekaa kimya ni kwamba hujui kama yu macho au amelala. Ndiyo sababu kampuni yetu inaitwa. Tunazivuta breka nje kwenye reli zake, tunazifungua, tunafuta masizi, tunakagua springi, tunapaka grisi mpya. Halafu tunaziunganisha na mashine ya kupimia, tunaingiza mkondo mkubwa kwa makusudi, tunatazama kama zinakata upesi au zinazubaa. Inayozubaa hairudi kabatini. Ni kazi ya kupangusa na kusubiri, baba, ushujaa wake ni mdogo sana.

Ila kuna jambo moja halina mjadala. Kabla mtu hajatia mkono kabatini, umeme unazimwa kwa swichi yenye mpini iliyo upande wa mbele, na kila fundi anatundika kufuli lake kwenye mpini ule. Mafundi wawili, makufuli mawili. Ufunguo unakaa kwa mwenye kufuli, na anayemaliza anaondoka na la kwake. Mpini wenye kufuli hata moja haupandi. Mpini mtupu maana yake watu wametoka. Kufuli langu nililipaka rangi nyekundu ya kucha lisichanganywe na mengine. Baada ya hapo tunapima kuhakikisha kwamba nyaya zimekufa, kisha tunazifunga kwa waya mnene uendao ardhini, tunauita ethi, ili umeme ukija kwa bahati mbaya uzame huko.

Mwenzangu katika kazi hii ni Mihayo, Mnyamwezi wa Tura, huko mashariki kwenye reli. Siku ya kwanza nilipotaja kwamba natoka Kisarawe, alitua kisanduku cha zana chini akapiga makofi.

"Mzaramo! Mtumwa wangu! Leo chakula cha mchana unalipa wewe."

"Nilipe nini," nikamwambia, "wakati babu zako walipita kwetu na mizigo kichwani, wakala mihogo yetu, mpaka leo hawajalipa?"

"Aa, mihogo tulikula ili mpate nafasi ya kucheza ngoma. Mngelima saa ngapi nyie?"

Tukawa tumekwisha kujuana. Wewe ndiye uliyenifundisha utani, baba, sikuhitaji mwalimu mwingine. Bado nakumbuka babu alipofariki, yule mtani wetu Mnyamwezi wa Pugu alivyoingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe kanzu ya marehemu. Wewe ulikuwa unalia, na ukacheka huku machozi yanakutoka. Ulituambia kwamba mtani hakasirikiwi, maana yeye ndiye anayekushika mkono siku ndugu zako wote wamelegea.

Basi huku tuliishi hivyo. Nikiacha kandambili mlangoni, Mihayo anazificha. Akisahau kofia, naivaa mimi mpaka ichakae. Anayechukua husema neno moja tu: "Komboa!" Mimi nakomboa kwa soda, yeye anakomboa kwa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha anavyotumiwa na mama yake. Injinia wetu, mtu wa Mbeya asiyecheka ovyo, alituacha kwa kuwa kazi ilikuwa inakwenda.

Kabla msimu wa alizeti haujaanza tuliitwa kwenye kiwanda kimoja cha kukamua mafuta upande wa Kaliua, kule reli ya Mpanda inakoachana na ya Kigoma. Jumapili kiwanda kizima kilizimwa ili tupime breka kuu, ile inayolinda nyingine zote. Tulipoipa mkondo ilinguruma, haikukata. Tukarudia, ikakata kwa uvivu. Tukarudia tena, ikakata vizuri. Mimi njaa ilikuwa inaniuma, nikasema imeamka, tuirudishe.

Mihayo akagoma. "Iliyozubaa leo itazubaa kesho. Nenda ukale mihogo yako, mimi nabaki."

Nikabaki naye, kwa kuwa sikutaka anitangaze. Tukaifungua yote. Grisi ya zamani ilikuwa imeganda ndani ya viungo kama samli ya asubuhi. Tukaikwangua, tukapaka mpya, tukaipima tena na tena mpaka ikawa inakata kabla hujapepesa jicho. Ndipo tukaila hiyo mihogo, imepoa.

Jumatatu umeme mkuu ulirudishwa, na sisi tukazima tawi moja tu, la mashine za kukamulia na pampu ya maji. Makufuli mawili kwenye mpini, langu na la Mihayo. Ethi tukafunga. Adhuhuri nikavua koti la kazi, nikalitundika, nikaenda kutawadha na kuswali.

"Niombee na mimi, mtumwa wangu," Mihayo akasema.

Nilipogeuza mgongo alitoa ufunguo kwenye mfuko wa koti langu, akafungua kufuli langu, akalitia mfukoni kwake, akarudisha ufunguo mahali pake. Alitaka nirudi nilikose, nihangaike, kisha aseme "Komboa!" Kwa akili yake hapakuwa na hatari, kwani kufuli lake bado lilikuwa limening'inia pale. Baadaye kidogo injinia akamwita nje kusaidia kushusha mashine ya kupimia kutoka kwenye gari. Upande wake wa kazi alikuwa amemaliza. Mikono yake ikafanya ilichozoea miaka yote: anayemaliza anaondoka na kufuli lake. Akalitoa akaenda. Kufuli langu alikuwa nalo mfukoni na akili haikumkumbusha.

Mimi nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikavaa koti, nikapapasa mfuko, ufunguo upo. Nikapima nyaya, zimekufa. Nikaendelea kupangusa nyuma ya kabati. Mpini uko mbele, usingeweza kuuona kutoka nilipokuwa.

Mama Kalunde ndiye opereta wa kiwanda, mama mtu mzima ambaye amebakiza muda mfupi astaafu. Aliambiwa pampu ya maji inahitajika. Akaja, akaangalia mpini, hakuna kufuli. Akaita, "Kuna mtu?" Mafundi wa kuchomelea walikuwa wanasaga chuma nje, sikumsikia. Akapandisha mpini.

Sina la kueleza kuhusu wakati ule, ulikuwa mfupi mno. Palikuwa na mwanga mweupe na mlio, nami nikawa nimekaa chini naangalia dari. Umeme ulikuja, ukakutana na ethi, mkondo ukapanda, na breka kuu ikakata. Ndiyo ileile ya Jumapili, baba. Ingezubaa kidogo tu kama ilivyokuwa inazubaa kabla hatujaifungua, nisingekuwa na mkono wa kukandamizia karatasi, wala wa kuandikia.

Kwa hiyo ulivyosikia ni kweli, aliyeniponza ni Mnyamwezi. Na aliyeniponya ni huyohuyo. Nimeligeuza jambo hili kila upande, halitaki kukaa upande mmoja.

Kesho yake meneja wa kiwanda alisema kosa ni la Mama Kalunde, amewasha bila kuuliza, aondoke. Wengine wakasema kosa ni langu, sikufunga kufuli. Nikasema nilifunga. Wakauliza kufuli liko wapi, nikawaonyesha ufunguo tu. Mama Kalunde alikaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani, anarudia, "Sikuona kufuli, wanangu. Naapa sikuona." Kiinua mgongo chake chote kilikuwa kinaning'inia hapo. Injinia akasema tukutane tena asubuhi.

Jioni hiyo Mihayo alikuja nyumba ya wageni tulikofikia hapo Kaliua, pamoja na mama yake ambaye alikuwa amefika kutoka Tura na jogoo kwapani. Mama akanisalimu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," salamu yao ya asubuhi, wakati jua linazama, nikajua kachanganyikiwa. Mihayo akatoa kufuli lenye rangi ya kucha akaliweka mkekani. Hapo ndipo nilipojua.

Mama mtu akasema, "Mwanangu, mtani hashtakiwi. Tangu wazee wetu wanapita kwenu na wenu wanapita kwetu, mtani akikosa analipa jogoo, mambo yanakwisha. Chukua jogoo huyu, mwagie majivu huyu mjinga, yaishe."

"Jogoo nampokea, mama," nikamjibu. "Na Mama Kalunde yeye nani atamlipia?"

Nikamgeukia Mihayo. Baba, nasema wazi: nilimkasirikia mtani. Mkono ulikuwa unawaka ndani ya bandeji. Nikamwambia, "Kesho usiposema wewe, nasema mimi. Na utani wako usiniletee tena."

Asubuhi alisimama kabla hata injinia hajakaa. Aliweka kufuli mezani, akaeleza yote kama nilivyokueleza, hakujitetea. Meneja alitazama ukuta. Mama Kalunde alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mkoba wake, akasema, "Mzaha mzaha hutumbuka usaha," akarudi kazini. Hakufukuzwa. Juzi kaniletea karanga.

Injinia ameagiza kwamba utani uishie mlangoni mwa chumba cha umeme, na ufunguo wa kufuli sasa tunauvaa shingoni. Kuhusu Mihayo aliniita peke yangu. Alisema hamrudishi kabatini mpaka mimi niseme kwamba niko tayari kutundika kufuli langu kando ya lake. Nikisema siko tayari, mkataba wake unaishia hapo, na hatanilaumu.

Mpaka leo sijamjibu. Hasira imepoa, lakini kitu kingine kimekuja mahali pake. Mihayo hanitanii. Ananisalimu, "Habari za asubuhi, dada Mwamvita," kama karani wa benki. Niliacha kandambili mlangoni makusudi kutwa nzima, jioni nikazikuta palepale nilipoziacha. Baba, hilo liliniuma kuliko mkono. Nami nikijaribu kumtania, naishia kumwuliza habari za kazi. Yale niliyomwambia jioni ile, nadhani aliyachukua kama hukumu. Na fundi anayekuogopa si wa kufanya naye kazi. Siku utakapokosea ataona haya kukuambia, hatakugomea kama Mihayo yule wa Jumapili alivyonigomea mimi na njaa yangu.

Kurudi nyumbani, sirudi. Naomba radhi kukukatalia kwa karatasi, ana kwa ana nisingeweza. Kazi hii naipenda. Sikuwahi kukuambia kwa sababu hukuwahi kuniuliza.

Nisalimie mama, mwambie aache kunililia kwenye simu, namsikia hata akijifanya anapiga chafya. Msalimie shangazi Mwanahawa aliyenicheza mwali, mwambie mwali wake bado mzuri, nyusi tu ndizo zimekosekana. Kaka Sefu wa mashine ya kusaga umwonyeshe habari ya mkono, kisha umwambie atangaze na hiyo pia. Bibi mzaa mama umshikie miguu kwa ajili yangu. Na mdogo wangu Tatu aache kuvaa viatu vyangu, au avivae lakini asivifikishe kwenye matope.

Sasa inua macho, baba. Huyo aliyekaa kwenye kiti ndiye Mihayo.

Aliomba mwenyewe kuja. Alisema aliyemwunguza binti wa watu anakwenda kwa wazazi wake kwa miguu yake. Nikampa debe la asali na mfuko wa matobolwa, na najua kutoka kituoni amevibeba mwenyewe. Mfukoni ana kufuli langu, mwambie alitoe uliangalie. Ukimwona hafai, kufuli libaki kwako, nami nitaelewa na nitamjibu injinia hivyo. Ukimwona anafaa, mrudishie.

Usimsamehe kwa upole tu. Upole ameshachoka nao, kila mtu anampa. Mtanie. Mimi nimeshindwa, lakini wewe ulicheka kwenye kaburi la baba yako, hili haliwezi kukushinda. Mwulize kwa nini mzigo wetu umechelewa hivi, tangu enzi za babu zake tunausubiri. Mwambie debe halijajaa, nusu ameilamba njiani. Mwangalie usoni akikujibu.

Akikujibu kama mtani, mpe simu yako anipigie, na mama asiiweke spika. Sitaki pole wala samahani, nimeshiba. Kufuli langu analo yeye. Akisema "Komboa!", nitajua la kumwambia injinia.

Ni mimi, binti yako wa nyusi za wanja,

Mwamvita